Redio ya Katekista Iliyosikia Kuliko Ilivyosema

Mpaka leo sijatulia. Nikimwona mtu anaitikia kwa adabu huku akili yake iko mbali, nashtuka kama niliyemwagiwa maji ya mtoni alfajiri. Zamani sikuwa hivi. Nimekuwa hivi kwa sababu ya mzee mmoja wa huku kwetu Litembo, ambaye sote tunamwita Katekista, hata wale wasiosali, na kwa sababu ya redio yake.

Si redio ya kusikilizia taarifa ya habari. Ni ile ya kusema na kusikia, ambayo wazee huiita simu ya upepo. Padri mmoja mgeni, aliyependa sana mambo hayo, alimwachia alipokuwa anarudi kwao. Kabla ya kuondoka alimfundisha, na Katekista akafanya mtihani wa serikali akapata leseni na jina la hewani, herufi na namba alizozitamka kila asubuhi kwa sauti ileile aliyosomea somo la kwanza kanisani. Redio ya namna hiyo si ya biashara. Mwenye leseni anaongea na mwenye leseni mwenzake popote alipo, bila vocha na bila mnara.

Nilimjua kwa karibu kwa sababu ya shamba langu. Liko ukingoni mwa mlima, upande unaotazama Ziwa Nyasa, nami nalima mashimo ya ngoro, yale yanayozuia mvua isibebe udongo, kama mama yangu alivyolima. Siku moja Katekista alikuja akanikuta nimeinama na jembe.

"Binti, naomba uniazime hewa ya shamba lako."

Sikujua hewa inaazimwaje. Mimi si msemaji, hata sokoni naonyesha kwa kidole. Nilitikisa kichwa kukubali, naye akafunga waya wa antena kwenye mparachichi wangu, akauvuta hadi kwenye mti wa pili, akakaa kwenye tuta.

Baadaye alinieleza. Kijijini kila nyumba sasa ina sola, na vile visanduku vya kuchajia betri hutoa kelele ambayo sikio la mtu halisikii lakini redio inaisikia. Alinivalisha hedifoni pale shambani nikasikia kimya, na ndani ya kimya hicho mtu mmoja anahesabu kwa Kiingereza mbali sana. Kisha tukashuka hadi jirani na nyumba ya kwanza. Yule mtu akazama. Ukabaki mlio kama nzi wengi ndani ya debe.

"Sikio la redio hii ni zuri mno," alisema. "Ndiyo shida yake. Linasikia hadi upuuzi."

Umbo la redio hiyo hakulisifu hata kidogo. Ilikuwa na ukubwa wa tofali dogo, na vitufe vyake vilikuwa vidogo na vimebanana. Huku kwetu miezi ya baridi asubuhi vidole vinakufa ganzi, na vidole vya Katekista vilikuwa vya mtu aliyepogoa mibuni maisha yake yote. Akitaka kitufe kimoja anabonyeza viwili. Kupunguza kelele ilibidi ashikilie kitufe hadi kioo kibadilike, kisha azungushe, kisha abonyeze tena, na kama mkono umetetemeka anaanza upya.

"Aliyeitengeneza hakuwa na vidole," alikuwa akinung'unika. "Alikuwa na sindano."

Basi akaitengeneza upya kwa akili yake. Kile kitufe kikubwa cha kuzungusha, cha kutafutia sauti, alikizungushia kipande cha mpira wa baiskeli ili kisiteleze. Kwenye kitufe cha maiki, kile cha kubonyeza ukitaka kusema, aligundisha punje ya kahawa ili kidole gumba kikipate bila macho. Mkanda wa kubebea ulikuwa unamkata bega na kuilaza redio ubavuni, kioo kikitazama majani. Akauvua. Akachukua kitenge cha marehemu mkewe, akaifunga redio kifuani, uso wake ukitazama juu, kama mama anayenyonyesha huku anatembea. Akiinamisha macho tu anaona kila kitu.

Vijana wa bodaboda walimngojea njia panda.

"Katekista, mtoto hajambo?"

"Hajambo. Analia tu."

"Mnyonyeshe basi."

"Ananyonya betri. Wewe una ziwa la betri?"

Hapo waliangua kicheko nao wakampisha. Alikuwa mkali kanisani, lakini kwa mambo ya redio alivumilia kuchekwa.

Siku moja kitenge kilibana maiki, na ile punje ya kahawa ikabonyea bila yeye kujua. Alitembea kutoka nyumbani hadi shambani kwangu redio ikirusha hewani kila alichokisema. Alipofika betri imekwisha, hakuelewa. Kesho yake mtu mmoja wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Malawi, alimwambia kwa upole kwamba alimsikia vizuri akiimba zaburi, kisha akimtukana mbuzi. Katekista alizima redio akanitazama.

"Mbuzi yule alistahili," alisema.

Nilicheka siku ile. Leo nikikumbuka kwamba mtu wa ng'ambo ya ziwa alimsikia hadi matusi ya mbuzi, sicheki.

Kitu kimoja kiliwachanganya watu waliomjua kanisani. Mle ndani alitaka kuitikiwa. Akisema sala na watu wakaitikia kwa unyonge, anasimama, anaanza tena. "Mniitikie kama watu waliokula," anasema. Lakini kwenye redio hakutaka kuitikiwa hata kidogo. Mama mmoja jirani aliwahi kuletwa aongee na mtoto wake, mwalimu huko Songea, aliyekuwa ameketi kwenye redio ya mwenye leseni wa huko. Mtoto anaeleza, na mama, kama tunavyofanya sote mkubwa au mdogo akisema nasi, anabonyeza: "Eee." Mtoto anaendelea, mama anabonyeza: "Eee, mwanangu." Kila alipobonyeza, redio iliacha kusikia ikaanza kusema, na habari za mtoto zikapotea vipande vipande.

Katekista alimshika mkono. "Mama, usimwitikie. Ukiitikia unajiziba masikio."

"Ninyamaze mtu anaponisemesha? Ataniona nina kiburi."

"Nyamaza. Hewani, kunyamaza ndiyo adabu."

Yule mama hakukubali. Alisema redio haikumfunza mtu malezi.

Udhaifu mkubwa wa ile redio ulikuwa kwenye kusema. Nguvu yake, alinieleza, ilikuwa kama taa ndogo ya baiskeli, wakati wengine hewani wana taa za lori. Kwa hiyo ilisikia kuliko ilivyosema. Mara nyingi nilimwona amekaa kwenye tuta, hedifoni sikio moja, akimsikia mtu anaita na kuita, anamjibu, na yule hamsikii anaendelea kuita. Katekista alikuwa akitoa hedifoni taratibu, anafuta uso.

"Bora yeye hajui kwamba nipo," aliniambia. "Mimi ndiye ninayejua."

Sasa niseme habari za kijana wake.

Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume. Kijana huyo alimpenda binti wa Kiislamu wa huko Mbamba Bay, na ili amwoe akabadili dini na jina. Jumapili iliyofuata, baada ya sala, Katekista alisimama mbele ya watu wote.

"Kuanzia leo mtu asiniulize habari za kijana wangu. Sina kijana."

Kijana alikuwemo, benchi la nyuma kabisa. Nilimwona akitoka. Wiki ileile alishuka ziwani, akaanza kutengeneza mashine za boti, na namba yake ya simu haikupatikana tena.

Watu walimsifu Katekista kwa msimamo. Nyumbani kwake chumba cha kijana kilifungwa. Lakini mibuni ya kijana, ile mistari aliyopewa alipokuwa mkubwa, Katekista aliipogoa mwenyewe kila msimu, wala hakumwachia kibarua. Niliona kwa macho yangu.

Huko Mbamba Bay kulikuwa na mwenye leseni mwingine. Alikuwa mwenye duka, mtu aliyetoka Pwani, mpole, ambaye Katekista alimwita Bwana Duka. Hawakuwahi kuonana. Redio yake ilikuwa kubwa, ya mezani, na sauti yake ilifika shambani kwangu nene kama ya mtu aliyesimama nyuma ya mparachichi. Waliongea asubuhi, mara nyingi, miaka mingi.

Msimu wa kahawa uliofuata baada ya kijana kuondoka, nilisikia Katekista anasema kitu ambacho sikukitegemea. Alisema jina lake la hewani, akasalimiana na Bwana Duka, kisha akafuta kioo cha redio kwa ncha ya kitenge. Halafu akabonyeza.

"Bwana Duka, nina kijana hapo kwenu, anatengeneza mashine za boti. Nakuomba umwambie nilikosea kusema yale mbele ya watu. Mwambie aje nyumbani."

Jembe langu lilisimama. Hakunitazama. Nilielewa kwa nini alichagua redio. Kumtuma mtu wa kijijini kungekuwa kutangaza kwamba Katekista amemeza maneno yake. Na hewani hakuna anayekuona uso.

Jibu likaja, lile la sauti nene. "Naam, mzee wangu. Nimekupata vizuri sana. Huku kwetu dagaa wa usipa wamepatikana kwa wingi, ila upepo wa jana umeangusha chanja za kuanikia."

Katekista alingoja juma zima. Kijana hakuja. Akasema tena. Bwana Duka akajibu tena, naam, mzee wangu, nimekupata, huku joto limezidi. Baadaye ikawa desturi. Kila asubuhi ya hewa nzuri aliongeza neno. Mwambie mkewe aje na sala zake, nyumba ina vyumba. Mwambie mibuni yake haijafa. Mwambie mtoto akizaliwa asinifiche. Na kila mara, naam, mzee wangu.

"Umesikia?" aliniuliza siku moja. "Amehamisha mazungumzo tena. Maana yake kijana amekataa, na yeye anaona haya kuniambia. Watu wa Pwani wana staha. Habari mbaya hawakutupii usoni."

 Na mimi niliamini hivyohivyo. Tulikuwa wawili pale mlimani, tukimheshimu mtu kwa staha yake, na Katekista akizidi kukonda. Alipoacha kuimba zaburi njiani, watu walidhani ni kifua.

Kisha asubuhi moja Bwana Duka alisema anafunga duka. Mama yake anaumwa huko Tanga, anahama kabisa, redio ataiuza. Katekista alivua hedifoni, akaizungusha mikononi.

"Binti," alisema mwishowe, "wewe si unashuka kuchukua usipa? Twende wote. Nimuage mtu aliyenibebea maneno."

Tulipanda bodaboda hadi Mbinga, tukapata gari. Alikuwa na redio kifuani kwenye kitenge. Gari lilipoanza kuteremka na ziwa likaonekana chini, aliuliza kama anajiuliza mwenyewe, "Nikikutana naye njiani nitamwambia nini, mtu aliyenikatalia miaka yote hii?" Nilitazama dirishani.

Duka lilikuwa karibu na soko la samaki. Bwana Duka aliruka kutoka nyuma ya meza.

"Karibu, mzee wangu, karibu sana. Shikamoo."

"Marahaba. Nilidhani wewe ni mnene. Sauti yako ina tumbo."

"Na mimi nilidhani wewe ni jitu, mzee. Kumbe upepo ungeweza kukuchukua."

Walicheka, wakashikana mikono wasiachiane. Alituketisha kwenye benchi, akaleta chai. Redio yake ilikuwa rafuni, kati ya mafuta ya kula na unga, imewashwa, inakoroma. Ilikoroma kwa nguvu. Kando yake kulikuwa na friji la soda, betri za sola, na meza ya kuchajia simu za watu, nyaya zimejaa kama mizizi.

Nilimwona Katekista akiacha kunywa. Aliinamisha macho kifuani, akawasha redio yake ndogo, akavuta antena fupi. Akatoka nje hadi kwenye mchanga, mbali kidogo, akasikiliza. Nilifuata. Kulikuwa na mtu anaongea, hafifu lakini wazi. Akarudi dukani huku amevaa hedifoni. Mlangoni tu, uso wake ulibadilika. Akatoka tena. Akaingia tena.

"Bwana Duka," aliuliza, "humu ndani unanisikiaje?"

Yule mtu alicheka, akapangusa meza. "Mzee wangu, nikuambie ukweli kwa kuwa naondoka. Sikusikii. Salamu hupita siku nyingine, nyingine hata hiyo haipiti. Nasikia upepo tu. Ule upepo ukikatika najua umemaliza, nakuitikia."

"Miaka yote?"

"Siku za kwanza nilikuomba urudie, ukarudia. Nikakuomba tena, ukarudia. Mara ya tatu niliona aibu. Mzee mzima, mtu wa dini, nimfanye arudie jambo lake kama mtoto wa darasani? Nikasema naam. Halafu nikazoea. Nilifurahi kwamba kuna mtu mlimani ananikumbuka asubuhi."

Katekista alishika ukingo wa meza. "Na habari za kijana wangu?"

"Kijana gani, mzee?"

 Friji lilikuwa linanguruma na redio inakoroma. Katekista alionyesha kwa kidole upande wa ziwani.

"Fundi," alisema. "Wa mashine za boti. Alitoka Litembo."

Bwana Duka aliweka kitambaa chini. Nilimwona akielewa taratibu, na rangi ikimtoka.

"Fundi ni mwanao?" alisema. "Yule hunywa chai hapa kila asubuhi kabla ya kazi. Hukaa hapo hapo kwenye benchi mlipokaa. Juzi amenitania, ameniuliza redio hii ina faida gani, kila asubuhi inakoroma na wewe unaiitikia kama mke mwema."

Niliinuka kwenye lile benchi bila kujua ninainuka. Maneno yote yale, mibuni, vyumba, mtoto akizaliwa asinifiche, yalikuwa yanafika hapa kama upepo, na aliyetumiwa amekaa na kikombe mkononi anacheka.

Bwana Duka alianza kuomba msamaha, akapiga magoti kabisa. Katekista alimwinua.

"Ulinitendea adabu," alimwambia. "Nionyeshe anakokaa."

Haikuwa mbali. Tulipita chanja za usipa, tukafika kwenye banda la mabati lenye mashine za boti zimening'inizwa kwenye magogo. Kijana alikuwa amenenepa kidogo, mikono myeusi kwa oili. Mkewe alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni. Bwana Duka alibaki nyuma, kwenye chanja, hakuthubutu kusogea.

Kijana alimwona baba yake. Aliweka spana chini polepole.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Mkewe alileta mkeka. Hakuna aliyekaa.

"Nilikutumia maneno," Katekista alisema.

"Sikupata neno."

"Najua. Nimejua leo."

"Maneno gani, baba?" Hakupaza sauti, na hiyo ilinitisha zaidi. "Ya mwisho kuyasikia kwako niliyasikia kanisani, nikiwa benchi la nyuma. Ulisema huna kijana. Mimi nimekaa hapa nikijua huna kijana."

 Mtu yule aliyewasomea watu wote, aliyekemea kwaya nzima, alisimama pale akishika kitenge kifuani. Akatikisa kichwa.

"Nikiyasema sasa utasema nimeyatunga njiani," alisema, na sauti ilikuwa nyembamba. "Na una haki. Muulize huyu. Yalisemwa shambani kwake."

Kijana akanigeukia. Tulisoma darasa moja, ananijua sisemi. Nilitazama mchanga. Nilitamani hata mimi niwe upepo.

"Ni kweli?" aliuliza.

"Alisema alikosea kusema yale mbele ya watu," nilisema. "Alisema mkeo aje na sala zake, nyumba ina vyumba. Alisema mibuni yako haijafa. Haijafa kweli, anaipogoa mwenyewe, nimemwona."

"Alisema lini?"

"Tangu msimu wa kahawa uliofuata baada ya wewe kuondoka. Kila asubuhi ya hewa nzuri."

Mkewe alimtoa mtoto mgongoni akamshika mbele. Kijana alitafuta mahali pa kukaa, akakalia kasha la mashine, mikono yake ya oili ikining'inia kama si yake. Alimtazama baba yake kwa muda, kisha mimi.

"Anza mwanzo, dada," alisema. "Usiruke hata moja."

Katekista alifungua kitenge, akaiweka redio chini ikiwa imezimwa, akakaa kwenye mkeka na kuinamisha kichwa. Nami, ambaye sijawahi kusema maneno mengi mbele ya mtu, nikaanza.